Naomba ushauri: tulianza kununuliana zawadi za Krismasi, tumeishia kununiana

Mtoto wa Tano (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtoto wa tano kwa mama mwenye watoto tisa, kwetu Rombo, Kilimanjaro. Kila Desemba tunapanda mlimani kuhesabiwa, kama mnavyopenda kututania. Mwaka jana tulifika 58: mama, sisi tisa, wake na waume wanane, wajukuu 34, vitukuu wanne, na wale wawili wanaoishi na mama, binti wa ndani na kijana wa ng'ombe.

Tarehe 25 jioni, ndafu imeshaliwa, kaka yetu mkubwa anayefanya biashara Dar akatoa mfuko. Watoto wake wanne na wawili wa dada yetu wa Arusha wakapata tableti, zimo kwenye maboksi yake. Waliobaki wakapewa daftari na kalamu. Mwanangu wa pili, ana miaka saba, alilifungua daftari lile akawa anapekua karatasi moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema, "Changu kimewekwa wapi?"

Kwa mawifi nako mmoja alipewa kitenge, wenzake khanga. Kesho yake kuna gari liliondoka kabla ya chai.

Mama kasema mwaka huu tuje mikono mitupu, anachotaka ni kutuona tu. Lakini tunajuana, kuna watakaobeba. Mimi ndiye mweka hazina wa grupu letu la WhatsApp, nikapendekeza tuokote majina, kila mtu amletee mmoja zawadi isiyozidi 20,000. Ndugu yangu wa Mwanza akapinga: ana watoto saba, na yeye na mkewe wanakuwa tisa, hiyo ni 180,000 kabla hata ya nauli. Nikasema basi tuchangie kwa nyumba, kila nyumba sawa. Dada yetu ambaye hajaolewa akaja juu: "Mimi mmoja nitoe sawa na nyumba ya watu tisa?"

Wote wawili naona wana haki. Mnafanyaje kwenu?

Soksi Mbili

Nimekaa paleee nasubiri wenye ukoo mkubwa. Kwetu tuko wanne na bado tunagombana. Mwaka jana niliokota jina la shemeji, nikamnunulia manukato, na mimi aliyeniokota kanipa soksi. Moja ilikuwa na tundu.

Bwana Rejesta

Mtoa mada, mnagombana kwa sababu mmechanganya mambo mawili: nani anatoa na nani anapokea. Kichwa kinachopokea si lazima kiwe ndicho kinachotoa. Mtoto wa miaka sita hana mshahara, kumwambia alete zawadi ni kumtoza baba yake.

Wajukuu walio chini ya miaka 15 ni wangapi? Na ndugu wenye kipato, hata cha duka au bodaboda, ni wangapi?

Mtoto wa Tano

Chini ya miaka 15 ni 21, ukiongeza vitukuu wanne ni 25. Wenye kipato, ukimtoa mama, sisi na wenza wetu ni 17, na kuna wajukuu watatu wameanza kazi. Jumla 20.

Bwana Rejesta

Basi zawadi 25 za 10,000 ni 250,000. Gawa kwa watu 20, kila mwenye kipato anatoa 12,500. Ndugu wa Mwanza na mkewe wanatoa 25,000 badala ya 180,000. Dada anatoa 12,500, nusu ya wenye ndoa. Hapo hakuna wa kulalamika, au alalamike kwa sababu nyingine.

Watu wazima acheni kununuliana kabisa. Hivyo vitenge na khanga ndivyo vilivyoondoa gari kabla ya chai.

Wale vijana 13 waliobaki wakitaka rafiki wa siri, waachieni wao, ila msiokote vikaratasi kwenye sufuria. Mtu anaokota jina lake anarudisha, wa mwisho anabaki na lake mwenyewe, mnaanza upya mpaka usiku. Andika majina kwenye vikaratasi, vichanganye, vipange duara mezani. Kila mmoja anampa aliye kulia kwake. Hakuna atakayejipata. Ukiona ndugu wa tumbo moja wamekaa jirani, hamisha mmoja.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Hesabu nzuri, lakini nani ananunua? Mkiachia kila mtu anunue ya 10,000 yake, mmoja atakuja na mpira, mwingine na biskuti pakiti mbili. Mpeni mtu mmoja pesa zote, aende Kariakoo mwezi wa kumi na moja mwanzoni, achukue kwa bei ya jumla. Ukisubiri tarehe 20 Desemba utabanwa mbavu Mtaa wa Kongo na bei utaambiwa yoyote.

Na msiwape wote kitu kimoja kama sare za shule. Wa miaka miwili na wa miaka 14 hawachezi mchezo mmoja.

Mpemba wa Unguja

Kwetu jambo hili lina dawa yake ya zamani. Siku ya Idi watoto wanapita kwa jamaa kuomba mkono wa Idi. Marehemu babu alikuwa akiweka noti mpya tupu mezani, kaziweka mafungu matatu: wadogo kabisa, wa chuoni (madrasa), na waliobalehe. Akimwangalia mtoto kimo tu, anatoa kwenye fungu lake. Baba yake ni nani haulizi. Mjukuu wake na mtoto wa jirani wakiwa kimo kimoja wanapata sawasawa.

Mkiona zawadi za vitu zina maneno, jaribuni bahasha kwa umri. Mtoto hawezi kupekua noti akatafuta nyingine ndani.

Wa Ushago

Mimi niko Kenya, kwetu ni Kakamega. Sisi tulichoka na zawadi tukafanya chama. Kila mwezi kuanzia Januari watu wanatuma kidogo kwa M-Pesa, Desemba tunamfanyia nyanya, yaani bibi yetu, kitu kimoja kikubwa. Mwaka mmoja tenki la maji, mwaka mwingine mabati ya jikoni. Shida ni Agosti, watu wananyamaza kwenye grupu kama hawapo. Dawa yetu ni orodha ya waliotoa inawekwa kila tarehe 5, bila maneno yoyote chini yake.

Meku wa Marangu

Vijana, mnashangaza. Mbuzi akichinjwa kwenu si kila kiungo kina mwenyewe? Yuko anayejua hiki ni cha nani na kile ni cha nani, na hata aliyekosa ananuna huku akijua ndiyo desturi. Shida ya huo mfuko wa kaka yenu ni kwamba hakuna aliyejua utaratibu wake kabla haujafunguliwa.

Mama msimuweke kwenye kura wala kwenye hesabu. Hata akisema mikono mitupu, mnunulieni blanketi zito, Desemba inaisha lakini baridi ya mwezi wa saba huku juu mnaiacha naye.

Mama Pacha

Nimesoma mpaka hapa, wote mmewasahau wawili. Umesema mlikuwa 58, hesabu zote zimeishia kwa wajukuu. Binti wa ndani na kijana wa ng'ombe wanakesha jikoni siku hiyo mnapofungua maboksi. Waingizeni kwenye mfuko wa wote.

Na huyo kaka hamuwezi kumzuia kuwanunulia wanawe tableti, ni zake. Mwombeni awape huko huko Dar kabla ya safari. Ila mpigie simu, usiandike kwenye grupu. Ukiandika kwenye grupu umemshtaki.

Mtoto wa Tano

Nawashukuru wakuu. Tumekubaliana 12,500 kwa kila mwenye kipato, zawadi 25, na kwa ajili ya binti wa ndani na kijana wa ng'ombe tumeongeza 1,500 kila mtu, inakuwa 14,000 na kila mmoja wao anapata 15,000. Blanketi la mama analileta dada wa Arusha, kajitolea mwenyewe. Wifi wa kitenge hajajibu chochote, ila amesoma.

Kaka nilimpigia jana usiku. Alinyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema hakukusudia kubagua, alinunua tableti sita kwa sababu watoto aliowajua umri na majina ni sita. Wengine alibeba daftari akisema hata wakiwa wengi zitatosha. Akaniomba nimtumie orodha ya watoto wote, na umri wao.

Nimemtumia majina 25. Asubuhi hii akajibu: "Huyu wa 19 ni wa nani?"

Wa 19 ni wangu, yule wa daftari. Michango inaanza kupokelewa tarehe 1 mwezi wa kumi. Nikishuka mlimani Januari nitaleta mrejesho.