Mrejesho: dirisha lililokuwa linageuka jeusi kila mchana

Habari zenu. Ni mimi niliyeuliza juu ya programu ya C++ ya duka la vipuri hapa Kisumu: asubuhi inafunguka vizuri, ikifika saa nane vitufe vinapotea na dirisha linabaki jeusi; tena huganda wakati wa kuchapisha risiti.

Aliyenituma kwenye Task Manager niwashe safu ya GDI objects (idadi ya vifaa vya kuchorea, kama fonti na brashi za rangi, ambavyo programu imevishikilia), Mungu akubariki. Nilikaa nyuma ya kaunta nikaitazama. Kila bei ilipobadilika kwenye skrini, hesabu ilipanda kwa 2 na haikushuka tena. Ilipokaribia 10,000, mpaka wa kawaida wa Windows kwa kila programu, ndipo mambo yalipoharibika. Kumbe nilikuwa naunda fonti na brashi mpya ndani ya WM_PAINT (ujumbe wa Windows wa kuchora dirisha upya) bila kuzifuta! Sasa naziunda mara moja kwenye WM_CREATE (dirisha linapoundwa), nikimaliza kuchora narudisha fonti ya zamani kwa SelectObject, na DeleteObject, ya kuzifuta, inaitwa kwenye WM_DESTROY (dirisha linapofungwa). Siku nne sasa, hesabu imetulia kwa 61.

Ila kuganda wakati wa kuchapisha risiti hakujaisha. Nilijaribu ule ushauri wenu wa kuita PeekMessage katikati ya uchapishaji, ili programu ishughulikie mibonyezo inayosubiri: dirisha liliitikia, lakini keshia alibonyeza kitufe cha kuchapisha tena na mteja akapewa risiti mbili. Nimeuondoa. Kwa sasa nazima kitufe kwa EnableWindow, na uchapishaji nauhamishia kwenye uzi wake (thread, kazi inayoendeshwa sambamba na dirisha), ukimaliza unalijulisha dirisha kwa PostMessage.

Asanteni sana, jameni. Mwenye duka anawasalimu.