Baraza la Bibi, kabla ya tarehe 4

Kikundi: NYUMBANI UJIJI

Jumapili, 7 Septemba

06:48 Shangazi Zuwena: Asalaam alaykum wana nyumbani. Mwakeye. Jana nimeshinda kwa Bibi. Jamani baraza limekwisha. Kona ya upande wa mwembe imetitia, ufa unaingia vidole viwili, na pale anapokaa Bibi pana shimo, nimeliziba kwa kigae. Tarehe 4 Oktoba ugeni wa Rehema unatoka Kasulu na mahari. Tutawakalisha wapi?

06:49 Shangazi Zuwena: [picha 4]

07:31 Hamisi Kibirizi: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Picha ya 3 yule kuku ni wa nani? Mbona kanona hivyo

07:33 Shangazi Zuwena: Hamisi, naongea mambo ya maana.

07:40 Tatu: Wa Mama Asha. Siku hizi analala kwetu

07:52 Mama Asha jirani: Amekulia hapo kama wanangu wote. Msimtazame kwa jicho la sufuria.

07:53 Hamisi Kibirizi: 😂😂

08:15 Shangazi Zuwena: Turudi kwenye baraza. Fundi amekuja, amegonga kwa nyundo, amezunguka mara mbili. Anasema ugonjwa si simenti, ni maji. Bati limeishia palepale baraza linapoishia, kwa hiyo maji ya paa yanadondokea mguuni pake, yanachimba udongo, msingi unabaki unaning'inia. Tukipaka simenti juu juu, masika moja tumerudi hapahapa. Anataka bati lisogezwe futi 2 mbele, uchimbwe mtaro wa kupeleka maji barabarani, kona ibomolewe ijengwe upya kwa tofali za kuchoma, halafu sakafu ilazwe ikiinamia nje kidogo ili mvua ya upepo isirudi mlangoni. Ikiisha imwagiwe maji siku 7, asikanyage mtu. Sasa hesabuni wenyewe. Tukianza baada ya tarehe 20 tumechelewa, na Oktoba mvua zenyewe hizo. Jumla na ufundi 740,000. Kila nyumba 80,000.

12:20 Shangazi Zuwena: Tiki za bluu 19. Jibu hakuna hata moja.

13:05 Hamisi Kibirizi: Shangazi mbalamwezi hii hatuingii ziwani, dagaa hawafuati taa wakati mwezi umewaka. Giza likirudi natoa, wallahi

16:44 Shangazi Zuwena: Haya, Hamisi ameahidi. Wengine?

21:38 Idrisa Dar: Shikamoo shangazi. Samahani nilikuwa kazini. Mimi nina wazo. Hela hiyohiyo tukiongeza kidogo tunazungushia ukuta, tunaweka geti, na mbele ya baraza tunapiga nondo. Mwezi uliopita simu ya Tatu imeondoka palepale barazani mchana kweupe. Bibi ni mtu mzima, anakaa na binti tu. Upande wa kushoto tukiuziba tunapata fremu, anapangisha mtu wa miamala, kila mwezi Bibi ana kodi yake. Siongei kwa ubaya, naogopa tu.

21:50 Tatu: Ile simu niliisahau mwenyewe kaka

21:51 Idrisa Dar: Ndiyo hivyo hivyo inavyoanza

Jumatatu, 8 Septemba

05:50 Mama Asha jirani: Mimi si wa ukoo, nimewekwa humu kwa heshima tu, lakini hili niruhusuni niseme. Nilipofiwa, nyumba yangu haikuwa na pa kuweka hata watu kumi. Wanaume wote walikaa barazani kwa Bibi siku tatu. Kliniki ya watoto ilipokuwa inatufuata huku mtaani, mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya pale, na kila mama wa mtaa huu anakumbuka mwanawe akilia ndani ya ile kaptula ya mizani. Mwezi wa Ramadhani mpita njia akikutwa na adhana anaitwa, anapewa tende na uji. Idrisa baba, ukiweka geti nani atamwita?

05:58 Shangazi Zuwena: Ahsante mama. Ahsante sana.

09:14 Mwalimu Saidi: Naomba nichangie. Kule kwenye kumbukumbu ya Livingstone watoto wa shule wanafundishwa habari ya mwembe na salamu, basi. Baada ya salamu walikwenda wapi? Mwaka 1871 hapa hapa Ujiji, mzee yule hakumwingiza Stanley ndani. Alimpeleka barazani. Lilikuwa la udongo, chini ya upenu mpana, pametandikwa mkeka na juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usipigwe baridi ya udongo. Hicho ndicho kilikuwa kiti chake mwenyewe. Alimlazimisha mgeni akikalie yeye, wakaegemea ukuta wakaanza kuulizana habari, huku mji mzima umewazunguka unawatazama. Na hili neno lenyewe: Baraza la Mawaziri, Baraza la Idd, yote yamechukua jina la hapo tunapotaka kupiga nondo.

09:20 Hamisi Kibirizi: Kwa hiyo Stanley angekuta geti la Idrisa angebonyeza kengele 😂

09:21 Hamisi Kibirizi: "Nani?" "Mimi Stanley" "Stanley gani?"

09:22 Rehema: 😂😂😂 Hamisi utaniua

09:30 Idrisa Dar: Chekeni. Siku akiingia mtu usiku mtanipigia mimi.

11:02 Shangazi Zuwena: Tumecheka, sasa tutoe. Nimeweka 80 yangu. Mwalimu 50, bado 30. Mama Asha ametoa 20 na hatukumdai. Nyumba nyingine kimya. Jumanne, Tabora mmeamkaje?

17:47 Shangazi Zuwena: Jumanne.

19:10 Bamdogo Jumanne Tabora: Nipo dada. Mwisho wa mwezi.

19:12 Shangazi Zuwena: Tukisubiri mwisho wa mwezi, tarehe 4 simenti itakuwa haijakauka. Na nikiwa nimekupata, lile benchi la mninga la Baba lirudi. Wageni wa Kasulu hatuwezi kuwakalisha kwenye viti vya plastiki vya kuazima wakati benchi la mwenye nyumba liko Tabora linawekewa madumu.

19:15 Bamdogo Jumanne Tabora: Nani amekwambia linawekewa madumu?

19:15 Shangazi Zuwena: Nimeona kwenye picha zako za Idd.

19:19 Bamdogo Jumanne Tabora: Dada tusianze. Benchi nilipewa. Na kama ni kuhesabiana tuhesabiane vizuri, bati zote za 2011 nani alizileta? Ya Uvinza nayo niyaseme?

19:20 Shangazi Zuwena: Yaseme. Limetoka siku ya arobaini, watu bado wanaosha vyombo. Ulipewa na nani?

19:22 Hamisi Kibirizi: Jamani mgebuka wangu unaungua jikoni kwa sababu yenu

19:22 Shangazi Zuwena: Hamisi nyamaza.

19:24 *Bamdogo Jumanne Tabora ametoka kwenye kikundi*

19:40 *Shangazi Zuwena amemwongeza Bamdogo Jumanne Tabora*

Jumanne, 9 Septemba

10:30 Tatu: Shikamooni. Bibi alinisikia jana nikisoma meseji za humu kwa sauti. Ameniita asubuhi hii akarekodi. Kwa wasio na bando la kufungua sauti nimeandika, ameniambia nisiongeze neno.

10:31 Tatu: [sauti, 2:16]

10:34 Tatu: "Mume wangu alijenga baraza kabla ya kuweka milango ya vyumbani. Tulilala miezi na pazia la khanga, lakini nje watu walikuwa wanakaa. Idrisa mjukuu wangu, usiku ule mama yako alipokuwa anakuzaa, gari haikuwepo mtaa mzima. Waliombeba kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali ni waliokuwa wanacheza bao pale barazani. Walimsikia kwa kuwa hapakuwa na ukuta. Hofu yako nimeiona, ni hofu ya mtoto mwema. Weka nondo za madirisha. Baraza liache.

Jumanne mwanangu. Benchi nilikupa mimi. Nilikupa kwa sababu ulikuwa unalia na sikuwa na kingine cha kukupa. Sasa umeacha kulia. Lirudishe, baba yako alilichongesha kwa ajili ya wageni.

Zuwena, nawe hukuniuliza. Miaka yote hii unamsimanga mwenzio na mimi nipo hai.

Siku yangu ikifika nitatolewa nipitie hapohapo. Pasiwe pembamba."

11:50 Mwalimu Saidi: Shikamoo Bibi.

12:03 Rehema: Shikamoo Bibi yangu

12:10 Idrisa Dar: Shikamoo Bibi. Nimekusikia. Hiyo ya kitanda cha kamba sikuwahi kuambiwa.

14:26 Shangazi Zuwena: Shikamoo mama. Nimekosa. Jumanne, nisamehe.

20:55 Bamdogo Jumanne Tabora: Nimesikia mama.

Alhamisi, 11 Septemba

08:05 Shangazi Zuwena: Idrisa ametuma 150,000, Allah amjalie. Tuna 300,000 mkononi. Bati na tofali za kuanzia zinatosha. Nyumba tano hazijasema chochote na sitazitaja, zinajijua. Fundi anaanza Jumatatu.

08:40 Idrisa Dar: Nje ya hiyo, nondo za madirisha mawili ya mbele nazilipia mbali. Na taa ya nje, iwake usiku kucha.

08:44 Mama Asha jirani: Taa nzuri. Hata bao litaonekana.

13:17 Bamdogo Jumanne Tabora: Nimeulizia stesheni. Benchi linapokelewa kama mzigo kwenye treni ya Kigoma, ila refu, wanataka miguu ifunguliwe. Fundi wa huku anasema mninga ule umepigwa vigingi vya mbao, hauna msumari hata mmoja, akiufungua hana uhakika kama utakaa tena.

13:20 Shangazi Zuwena: Usifungue.

13:21 Mwalimu Saidi: Kuna malori ya tumbaku ya Urambo, jaribu kuulizia linalokuja huku.

13:25 Hamisi Kibirizi: Au ulikalie humohumo kwenye behewa bamdogo, wakikuuliza sema ndiyo siti yangu 😂

13:26 Bamdogo Jumanne Tabora: 😂 Hamisi

Jumatatu, 15 Septemba

16:02 Tatu: [picha] Kona imebomolewa. Fundi amechimba mtaro hadi kati amekutana na mzizi wa mwembe, mnene kama paja. Anauliza aukate au azungushe mtaro. Akizungusha unapita mlangoni kwa Mama Asha na tofali zinaongezeka.

16:04 Shangazi Zuwena: ASIKATE KITU.

16:05 Idrisa Dar: Mzizi ndio uliopasua baraza lakini

16:09 Mwalimu Saidi: Ukikatwa wa upande huo, upepo wa ziwa utauangusha mti juu ya bati.

16:10 Shangazi Zuwena: Jumanne, lori limepatikana?

16:31 Shangazi Zuwena: Tatu, muulize Bibi habari ya mzizi, fundi anasubiri.

16:50 Mama Asha jirani: Bibi yuko barazani kwangu tangu waanze kubomoa, sasa hivi amelala mkekani. Nimemfunika khanga. Mtaro upite kwangu tu, hayo mengine muulizeni kesho.