Naombeni ushauri: nahisi baiskeli ya mwenzetu ina mota

Wakuu, habari za leo. Nasaidia kuandaa mbio za baiskeli za klabu yetu. Kuna mwenzetu siku hizi anapanda mlima akiwa amekaa tu, wala hahemi, ilhali juzijuzi tulikuwa tunamsubiri kileleni. Nakumbuka Zolder, Ubelgiji, Januari 2016: UCI (shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli) walikuta mota ndani ya baiskeli ya akiba ya mwendesha baiskeli Femke Van den Driessche, akafungiwa miaka 6. Wao sasa wana mashine za eksirei, sisi tuna spana na tochi. Je, nikichomoa bomba la siti nikamulika ndani, inatosha? Au nianze kwa kuipima uzito? Sitaki kumchafulia mtu jina bure, ila nikiwaona vijana wanaoshindana kwa jasho lao, roho inaniuma.