Ushauri: vigari 23 vya chuma vya zamani, nivipulize rangi upya au niviache?

Mpenda Vikorokoro (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina vigari vya kuchezea 23, vile vya chuma vizito, vya marehemu baba. Vimekaa kwenye debe stoo hapa Rau miaka na miaka. Nataka kuvipanga kabatini sebuleni, na vinavyojirudia niviuze. Fundi wa gereji amenipa bei ya kuvikwangua vyote na kuvipuliza rangi mpya ya gari. Kabla sijampelekea naombeni ushauri.

Nilivyosoma maandishi ya chini: 14 ni Matchbox, Lesney, Made in England, mmojawapo Land Rover ya bluu yenye mizigo ya kahawia juu. Vitatu ni Matchbox ila vimeandikwa Macau. Vitatu Hot Wheels. Kimoja Corgi, Volkswagen nyekundu inayoelekea machungwa, ina tairi ya akiba juu ya paa. Viwili Dinky, na kimoja rangi yake imepasukapasuka kama tope la mtoni likikauka.

Kosa nimeshafanya moja: kimoja cha Macau nilikilaza kwenye siki usiku mzima nikitafuta kuondoa kutu. Kimeamka cheusi, na nikikishika kinaacha unga vidoleni. Nawasilisha.

Babu Gereji (Arusha)

Dada, mwambie fundi apumzike kwanza. Kigari cha 1965 chenye rangi ya kiwandani, hata kama imechubuka kona zote, mnunuzi anakihesabu kuwa ni halisi. Ukikipuliza rangi ya gari, hata ing'ae namna gani, kinakuwa mwili tu wa kutolea spea. Rangi ya gereji pia ni nene: inajaza mistari ya milango, inafunika grili, na kigari kinabaki kama sabuni iliyotumika.

Kuhusu siki: hicho si chuma cha pua wala bati. Ni aloi ya zinki yenye aluminiamu karibu asilimia 4, na asidi inaila zinki moja kwa moja. Unga unaouona ni zinki iliyoliwa. Kisuuze kwa maji mengi, kisugue kwa mswaki na magadi ya kupikia kijiko kimoja kwenye nusu lita ili kuua asidi iliyobaki kwenye kona, suuza tena, kausha. Weusi hautatoka wote. Bahati yako ni Macau, angalau hukuichovya ile Land Rover.

Na kutu ya kahawia uliyokuwa unaikimbiza haiko kwenye bodi. Iko kwenye ekseli, maana ndizo za chuma cha kawaida. Chukua sumaku ujaribu: bodi haivutwi, ekseli inavutwa. Kwenye Dinky utaona na sahani ya chini inavutwa, kwa sababu ile ni bati.

Kijenge Juu

Naongezea upande wa kutambua, maana dada kataja vitu vizito bila kujua.

Lesney, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Matchbox, walianza mfululizo wa vigari namba 1 hadi 75 mwaka 1953 London, wakafilisika 1982. Kwa hiyo kila kilichoandikwa Lesney England kiko ndani ya miaka hiyo, na hivyo vya Macau ni vya baadaye, chini ya wenye kampuni wapya. Ili upunguze zaidi, acha maandishi, tazama magurudumu. Ya chuma tupu ndiyo ya mwanzo kabisa. Yakafuata ya plastiki ya kijivu, halafu plastiki nyeusi. Mwaka 1968 Mattel walileta Hot Wheels zenye ekseli nyembamba zinazoteleza kama zimepakwa mafuta, Lesney wakashtuka, na 1969 wakatoa Superfast nao, yaani Matchbox zenye magurudumu ya kuteleza vilevile. Kwa hiyo gari lilelile, namba ileile, linaweza kuwa na magurudumu ya aina mbili, na bei zake zikawa mbalimbali kabisa. Usiandike "Land Rover ya bluu" kwenye tangazo. Andika: Land Rover Safari, namba 12, bluu, mizigo ya kahawia, magurudumu meusi ya plastiki. Hiyo ilianza kutoka 1965 ikiwa ya kijani, bluu ikafuata.

Kwenye Hot Wheels kuna mtego. Mwaka ulioandikwa tumboni ni wa haki ya muundo, si wa kutengenezwa. "1978" inaweza kuwa imetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Kama magurudumu yana mstari mwekundu mwembamba ukingoni, hapo piga kelele, maana mistari hiyo iliisha 1977.

Sasa hiyo Volkswagen. Zungusha tairi ya juu ya paa uone kama tairi za mbele zinakata kona. Zikikata, hiyo ni Corgi namba 256, East African Safari, ya katikati ya miaka ya 60. Mbio zile zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda 1962. Ndani ya boksi ilikuja na kifaru mdogo. Rudi kwenye debe, pekua udongo wote wa chini kabla hujamwaga. Kifaru peke yake watu wanamtafuta kwa tochi.

Mangi wa Kiborloni

Mnampa dada historia na kigari bado kina udongo! Usafi ndio wa leo.

Udongo wetu mwekundu ni msasa. Ukiulowesha na kusugua papo hapo, unachora rangi. Anza pakavu: brashi laini ya rangi, ya inchi moja, pembeni na kwenye madirisha. Kisha maji ya uvuguvugu lita moja, matone matatu ya sabuni ya vyombo, mswaki wa mtoto. Usitumbukize. Lowesha mswaki, siyo gari. Vyenye stika au maandishi ya kubandika usiviguse kwa maji kabisa, tumia pamba ya masikio iliyolowa kidogo na uzunguke stika. Corgi nyingi taa zake za mbele ni vijiwe vya kung'aa vilivyobandikwa, vikidondoka kwenye beseni umekwisha, kwa hiyo ziba shimo la sinki.

Geuza tairi juu kwenye taulo, saa 24 kivulini. Usianike juani kwenye bati: stika zinakunjamana na plastiki inapauka. Kikikauka, chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya cherehani, gusa kila mwisho wa ekseli, futa yanayozidi. Tone zima ni nyingi, mafuta yatatambaa hadi kwenye rangi na kuvuta vumbi.

Polishi ya shaba marufuku. Ina unga wa kukwangua, inakula kwanza namba na mapambo yaliyochapwa.

Muuliza Tu

Hivi ile Dinky iliyopasuka si ndiyo "ugonjwa wa zinki"? Nasikia unaambukiza, kimoja kikiugua kabati zima linaoza. Kama ndivyo akitupe mapema.

Babu Gereji (Arusha)

Hauambukizi, mkuu. Ugonjwa huo unazaliwa na gari kiwandani. Zinki ikimiminwa ikiwa na uchafu kidogo wa risasi, kutu inapita ndani kwa ndani kati ya chembechembe za chuma, bodi inavimba, inapinda, inapasuka, mwisho inamomonyoka kama biskuti. Unyevu unaharakisha, ila chanzo ni siku ya kumiminwa. Gari la jirani lililomiminwa safi halipati kitu. Dawa hakuna. Unachoweza ni kukiweka pakavu, joto lisilopandashuka, na kutokibonyeza.

Ila ugonjwa huo kwenye Dinky ni hasa wa vile vya kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, miaka ya 30. Dada, geuza hiyo gari utazame rimu. Zikiwa bapa laini, ni ya kabla ya vita. Zikiwa na mduara ulioinuka kama ukingo wa sahani, ni ya baada ya vita, na hapo tutafute sababu nyingine.

Fundi Ndogo (Sakina)

Nakubaliana na wakuu kuhusu kutopaka rangi, lakini hicho kilichokunywa siki hakina cha kupoteza. Kifanye cha kujifunzia. Utaratibu wangu huu hapa.

Chini ya kigari kuna pini mbili ambazo vichwa vyake vimepondwa kama uyoga. Ndizo zinazoshika sahani. Piga alama katikati ya kila kichwa kwa msumari mkali, halafu drili biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, ukikata uyoga tu. Kichwa kikianza kuzunguka na biti, simama. Wanaoharibu ni wanaoendelea: biti inashuka ndani ya nguzo (mwili wa pini) na kutokea kwenye boneti. Sahani ikitoka, kila kipande kwenye kizibo chake cha soda, na upige picha ekseli zilivyokaa, kwa sababu hazirudi kwa kubahatisha.

Rangi ya zamani itoe kwa dawa ya kutolea rangi ya dukani, nje kwenye upepo, glavu, chupa ya kioo, dakika 15 mpaka 30. Sugua kwa mswaki wa zamani na kijiti cha meno. Magadi makali ya kuzibulia mabomba usithubutu. Yanaila zinki na aluminiamu, yanachemka, yanatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na usipige msasa mkavu, maana rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake unalivuta. Msasa ni wa maji, namba 600. Hii pia ndiyo sababu vigari hivi wasipewe watoto wanaotia vitu mdomoni.

Osha kwa sabuni, na kuanzia hapo usishike kwa vidole vitupu. Rangi ya kawaida haishiki kwenye zinki, itabanduka kama ganda la kitunguu, kwa hiyo anza na praima ya kung'ata chuma. Kisha rangi ya kopo, umbali wa sentimita 20 hadi 25, koti tatu nyembamba, dakika 10 hadi 15 kati ya koti na koti. Koti la kwanza lionekane bovu, lenye mabaka, ndivyo linavyotakiwa. Kwa baridi ya Julai huku Arusha pulizia saa sita au saba mchana. Asubuhi yenye ukungu rangi inapata weupe kama pumzi kwenye kioo, kwani thina ikiruka inapoza chuma na unyevu unatua juu yake. Kopo likiwa la baridi liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kamwe si jikoni kwenye moto. Ukimaliza funika kwa boksi la viatu, vumbi lisitue.

Kufunga: toboa nguzo milimita 1.6, kina cha milimita 5, kata nyuzi za skrubu kwa tepu ya M2 (kichonga nyuzi cha skrubu ya milimita 2). Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta. Ukilazimisha, tepu inakatikia ndani na kuitoa hakuna. Skrubu za M2 usinunue, nenda kwa fundi laptop akupe za mashine mbovu, zimo za saizi hiyo na ni fupi.

Ukija kukiuza sema wazi kuwa kimefunguliwa. Skrubu chini ya tumbo mnunuzi ataiona kabla hajaona rangi.

Kijenge Juu

Na wewe ukinunua, kumbuka hilohilo. Skrubu, rangi iliyomwagikia upande wa ndani, tairi nyeusi tii kwenye gari lililochakaa. Boksi ndilo linaloghushiwa zaidi kwa sababu ni karatasi tu. Nenda kwa wakala yeyote wa pesa, omba ile taa ya kukagulia noti. Karatasi ya kisasa inawaka weupe wa bluu, ya zamani kwa kawaida inabaki hafifu. Ni dalili, si hukumu.

Bei usiangalie zinazoombwa mtandaoni, mtu anaweza kuomba hata nyumba. Chuja zilizokwisha kuuzwa.

Mangi wa Kiborloni

Kabati: plaiwudi mpya inatoa mvuke wa asidi, na zinki haiupendi. Iache wazi wiki kadhaa au tandika kioo. Sponji nayo hapana, ikizeeka inayeyuka na kunata. Vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu weka viwili kila rafu, hasa masika. Matairi laini ya plastiki yasigusane na plastiki ngumu, yanaitafuna na kuacha shimo la duara.

Tairi zikikosekana kwenye Dinky, pima rimu kwa vernia (kipimo cha milimita chenye taya), uagize za saizi hiyo. Za kandambili tuwaachie magari ya waya, huko ndiko kwao.

Mpenda Vikorokoro (Moshi)

Asanteni sana wakuu. Volkswagen inakata kona. Kifaru sijampata, nimechekecha udongo wote kwa chujio la chai.

Dinky rimu zina mduara ulioinuka. Nimeipima urefu kwa rula pande zote mbili, sawasawa, haijapinda. Na pale chini ya mlango ganda moja la rangi limedondoka lenyewe. Juu ni nyeupe ya maziwa, chini yake kuna kijani kinachong'aa.

Babu Gereji (Arusha)

Basi si ugonjwa. Mtu aliipaka rangi ya mafuta ya mlangoni juu ya rangi ya kiwandani, nayo ikakauka na kupasuka. Kijani ndicho chenyewe.

Thina usiilete karibu, itachukua zote mbili. Mchana, dirishani, chonga kijiti cha meno kiwe bapa kama patasi, ingiza chini ya ganda lililokwisha kuinuka, inua, usikwangue. Panapokataa paache. Anzia chini ya bampa la nyuma, pasipoonekana, eneo la kucha ya kidole kidogo, kisha tuwekee picha kabla hujaendelea.