Tupeane uzoefu: Ulishawahi kwenda makumbusho na mzee wa nyumbani?

Wakuu, naanza mimi. Nilimpeleka nyanya Makumbusho ya Kisumu. Wengi huenda pale kuangalia mamba na nyoka, yeye akapitiliza hadi Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo lililojengwa uani. Alisimama langoni akalikagua kama mnunuzi wa shamba. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazama lango, sawa. Simba, yaani kibanda cha kijana wa kiume, ya kifungua mimba iko karibu na lango, sawa. Alipofika kwenye jiwe la kusagia akawaonyesha watoto: unapiga magoti upande ulioinuka, unasukuma mtama kwenda mbele, unga unaangukia ngozi iliyotandikwa. Kijana mmoja mwenye simu akauliza mbona hayo hayajaandikwa popote. Nyanya akamjibu, "Yakiandikwa, magoti yatakuuma?" Leteni zenu.

Wa Migori: Mimi nilienda Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe, na baba mkwe, mwashi wa siku nyingi. Zile kuta zimesimama tangu karne ya 16 hivi, mawe matupu, hakuna udongo wala saruji, na pengine zinapita mita 4. Mzee hakutaka hadithi za mwongozaji. Alinionyesha jinsi jiwe refu linavyoingia ndani na kuwashika wenzake, na vile vipande vidogo vilivyoshindiliwa katikati. Malango ni mafupi makusudi: adui anaingia ameinama, kichwa mbele, na wewe unamngoja. Tangu UNESCO waitambue 2018 wageni wapo, lakini msimu wa mvua msijaribu na gari dogo.

Wa Nakuru: Makumbusho ya Hyrax Hill, ile iliyokuwa nyumba ya mlowezi. Kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba. Guka (babu) alitaka kuweka kokoto, akakatazwa, basi tukachimba yetu kwenye vumbi chini ya mti. Nilipigwa vibaya sana.

Mke wa Kakamega: Nimeolewa huku ila kwetu ni Mombasa. Ngome ya Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya gereza, leo ni makumbusho. Mama mkwe alipita mizinga yote bila kugeuka, akaganda kwenye vyungu akitafuta vilivyoungwa vibaya. Alivipata.

Mwanzilishi: @Wa Migori, baba mkwe bado anapokea kazi? Ukuta wa banda langu la kuku umeanza kuinama.