Naomba ushauri: nimweleze vipi mama kuhusu sindano moja ya influenza na UVIKO-19?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mama yangu, ambaye umri wake umevuka miaka 60 na anaishi na kisukari, huchanjwa dhidi ya influenza kila mwaka bila kusita, lakini aliposikia juu ya chanjo inayounganisha kinga ya influenza na ya UVIKO-19 katika sindano moja, alisema wazi kwamba hataikubali. Nilimkumbusha kuwa sisi watoto wake tulikingwa dhidi ya dondakoo, kifaduro na pepopunda kwa sindano moja. Akanijibu kwamba virusi vya influenza hubadilika kiasi cha chanjo yake kuhitaji kupitiwa upya kila msimu, kwa hiyo mfano wangu haufanani na jambo lenyewe. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi.

Hata hivyo, kinachomzuia hasa ni hofu kwamba akipata homa au maumivu ya mkono baada ya kuchanjwa, hatajua ni kinga ipi iliyosababisha. Nadhani wengi wanaosita wana hofu hiyohiyo, japo hawaitamki.

Sitaki kumshinikiza. Waliowahi kuzungumza na wazazi wao kuhusu hili, na hasa wahudumu wa afya wanaochanja, mlianzia wapi? Je, nimpendekezee sindano mbili tofauti siku moja, moja kila mkono, utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani linaukubali, au ni heri aachanishe siku, ingawa huenda akaahirisha ile ya pili?