Mrejesho: taa ya injini na msimbo P0420

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri wenu kuhusu taa ya injini iliyowaka kwa msimbo P0420 (kompyuta ya gari inaona masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, hayafanyi kazi ipasavyo), ambao fundi wa kwanza alisema maana yake ni kununua masega mapya. Fundi wa pili alipima kwanza: sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega, ilipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 kama kawaida, lakini ya nyuma, iliyo baada ya masega, ambayo masega yakiwa mazima hutulia karibu na volti 0.7, nayo iliyumba. Gari lilipoinuliwa tuliona masizi meusi kwenye maungio ya ekzosi, kabla ya sensa hiyo, mahali ambapo gasketi iliyoungua ilikuwa ikiruhusu hewa ya nje kuingia na kuidanganya. Tumebadilisha gasketi tu na kufuta msimbo. Sensa ya nyuma imetulia, na taa haijawaka tena.